Maji ya Kumtosha Bula Kadira

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, aliyeyashusha maji na kuyafanya twahara, aliye karibu na nyoyo zinapochoka. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu aliyetuletea dini nyepesi, na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, hii ni habari ya shukrani, nayo ni ya watu wachache wa mtaa mmoja wa mji wa Travnik, ule unaopanda kilima juu ya chemchemi, ambako nyumba zimesogeleana hata mtu akikohoa, jirani humwombea afya kupitia dirishani.

Wa kwanza kutajwa, kwa haki ya umri na elimu, ni Bula Kadira. Bula huitwa mwanamke anayewasomesha wanawake wenziwe dini na kuwaongoza katika dua, na Kadira aliwasomesha mama wa mtaa ule, kisha mabinti zao, kisha wajukuu. Yeye pia ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike, hadi magoti yalipomkatalia. Wa pili ni Zumreta, mwanafunzi wake, aliyerithi kazi hiyo ya kuosha. Wa tatu ni Rasim, mume wa Zumreta, mfua vyombo vya shaba, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Wa nne ni Fadila, jirani yao, ambaye kazi yake ni kumimina maji wakati Zumreta anaosha, na ambaye ulimi wake haujapumzika tangu aachishwe ziwa. Na wa tano ni Daktari Jadranka, mwanamke wa Kikatoliki kutoka ng'ambo ya pili ya mji, ambaye Mungu alimfanya kuwa sababu ya uponyaji.

Jambo lenyewe lilianza kwa udogo. Zumreta alikuwa ametawadha kwa swala ya adhuhuri, akatandika mswala, akainua mikono, na papo hapo moyo ukamwuliza: kisigino cha kushoto kilipata maji? Akarudi akakiosha. Hilo halina ubaya. Nani asiyewahi kurudi? Lakini kesho yake moyo uliuliza tena, na safari hii haukuridhika na kisigino. Ukauliza kiwiko, ukauliza baina ya vidole, ukauliza kama nia yenyewe ilikuwa safi. Kadiri alivyoujibu ndivyo ulivyojifunza kuuliza. Ikafika mahali akiingia kutawadha kwa adhuhuri, adhana ya alasiri humkuta bado ameinama juu ya beseni, na mikono yake ikawa myekundu, imepasuka kama gome la mti wa plamu.

Wanawake wa mtaa waliiona mikono ile wakaisifu.

"Tazameni mikono ya mcha Mungu," Fadila alikuwa akisema. "Yangu laini kama ya mwizi."

"Mimi nikifa," akaongeza mwingine, "nioshwe na Zumreta na si mwingine. Huyo hakuachii doa hata la kubahatisha."

Hapo ndipo mtaa ulipokosea, na lilikuwa kosa ambalo watu wasioipenda twahara wasingeweza kulifanya. Waliukuta ugonjwa umesimama mlangoni, nao wakauamkia kwa heshima ya ucha Mungu, wakaukaribisha ndani. Zumreta mwenyewe hakuwa na raha ya sifa zile. Alizipokea kama mtu anayevishwa vazi la harusi hali ana homa.

Rasim naye alikosea kwa upande wake, kwa mapenzi. Aliona mkewe anahitaji maji zaidi, na yeye ni mfua shaba, angekosaje kumsaidia? Akamfulia birika kubwa. Halikutosha, akafua lingine kubwa kuliko lile, na mwisho akafua birika lenye tumbo kama la mbuzi mwenye mimba, ambalo Zumreta alilinyanyua kwa mikono miwili. Na kwa kuwa maji peke yake hayakumtuliza, Rasim alisimama mlangoni mwa bafu awe shahidi.

"Nimeosha kiwiko?"

"Umeosha."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona, Zumra."

"Apa."

Naye aliapa. Aliapa asubuhi na jioni, hata kahawa yake ikapoa na kufanya utando, na aliona ndiyo kazi ya mume mwema.

Kisha ikaja siku ya kumwosha marehemu Munevera. Theluji ilikuwa ikianguka. Wanaume walikuwa uani mwa msikiti, jeneza limewekwa juu ya jiwe la kuswalia maiti, wakingoja maiti ili wamswalie baada ya adhuhuri. Zumreta alimwosha kama alivyofundishwa, kuanzia kulia, mara tatu, na alipomaliza moyo ukauliza habari ya kwapa. Akaanza upya. Akamaliza, moyo ukauliza habari ya mgongo. Akaanza upya. Fadila alimimina akitania, halafu alimimina bila kutania, halafu alimimina akitazama sakafu. Adhuhuri ikaswaliwa, watu wakabaki wamesimama kwenye theluji. Mwishowe Mirsada, binti wa marehemu, alisogea mlangoni akasema kwa sauti ya chini:

"Bi Zumreta, mama anapata baridi."

Binti alijua kwamba maiti hasikii baridi, na Zumreta alijua. Lakini neno lile lilimwingia mahali ambapo sifa zote za mtaa hazikuwahi kufika. Alimkabidhi Fadila kazi, akaenda kusimama akiegemea ukuta, na tangu siku ile hakumwosha maiti tena. Swala zake mwenyewe zikawa zinamponyoka moja baada ya moja, kwa sababu wakati ulimkuta majini ukamwacha majini.

Siku moja ya baridi kali alimpelekea Bula Kadira pita ya viazi, ule mkate wa tabaka nyembamba uliojazwa viazi. Kadira alikuwa amelala karibu na jiko, kitanda kimesogezwa dirishani aone miti yake ya plamu, na sauti yake ilikuwa bado ya mwalimu ingawa pumzi ilikuwa fupi.

"Umeleta nini?"

"Pita, Bula. Ya viazi."

"Umeifunika mpaka harufu imekosa njia. Kaa hapa." Akangoja akae. "Daktari wa zahanati ameusikiliza moyo wangu akakunja uso. Sikumwuliza, ni kijana, nisingependa kumtia katika taabu ya kusema. Hii plamu ikichanua labda nitaiona, labda sitaiona. Nikiondoka, utaniosha wewe."

Zumreta aliinamisha kichwa. "Mimi sioshi tena, Bula. Fadila anaweza."

"Fadila atanisimulia habari za mtaa mzima nikiwa nimelala pale siwezi kumjibu. Sitaki."

Zumreta akacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Kadira akamwacha alie, kisha akasema, "Lete mikono." Akaishika, akaigeuza mwangani, akapitisha kidole juu ya mipasuko. "Kuosha namna hii alikufundisha nani? Mimi?"

"Hapana, Bula."

"Basi kuna mwalimu mwingine kaingia darasani kwangu bila kubisha hodi."

"Watu wanasema ni ucha Mungu."

"Watu wanasema. Mimi ucha Mungu nimeusomesha, sura yake naijua. Mcha Mungu hutoka kwenye maji akaenda kuswali. Wewe unatoka kwenye maji ukaenda kwenye maji. Huu ni ugonjwa, mwanangu, na kila ugonjwa una tabibu wake. Nimekuombea sana, na nadhani jibu la dua limefungua chumba kule chini karibu na soko, ghorofa ya pili. Wanasema ni mwanamke, na anasikiliza."

"Na kama sitapona kabla ya..." Zumreta hakumaliza.

"Basi nitajitahidi kuchelewa," akasema Kadira. "Sasa kata hiyo pita."

Hivyo ndivyo Zumreta alivyotoka nyumbani mle na haja moja moyoni: amwoshe mwalimu wake kwa maji ya kutosha, kisha aweze kuacha.

Daktari Jadranka alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na dirishani pake palikuwa na ua lililokaribia kufa ambalo hakuacha kulimwagilia. Alimsikiliza Zumreta bila kuandika. Rasim alikaa kando, kofia imewekwa gotini, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Kila mtu hupitiwa na mawazo ya kipuuzi," daktari alisema alipokwisha kusikiliza. "Mimi leo asubuhi nimevuka daraja nikawaza, je, nikiutupa mkoba wangu mtoni? Wazo likaenda zake. Kwako wewe wazo likija linagonga kengele ya moto, na nyumba haiungui. Unakimbilia maji. Kengele inanyamaza kidogo, na ubongo wako unaamini kwamba maji ndiyo yaliyookoa nyumba. Kesho ubongo unaigonga tena, kwa nguvu zaidi."

"Nifanye nini, daktari?"

"Uiache igonge."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ichoke. Huwa inachoka. Hujawahi kuingoja, ndiyo maana hujui."

Zumreta akauliza swali alilopanda nalo ngazi. "Unaniambia niswali bila twahara?"

"Sikuambii hivyo, wala nisingethubutu. Mambo ya udhu mimi siyajui. Nileteeni mtu anayejua sheria inaishia wapi, nami nitajua ugonjwa unaanzia wapi."

Wakamleta Fikret Efendi, imamu wa msikiti wao, mtu mpole mwenye shingo ndefu. Akakaa na daktari, Mkristo na Mwislamu, kama mafundi wawili wanaotazama paa moja linalovuja. Imamu akaeleza kwamba kila kiungo kinachotakiwa kuoshwa kikipata maji mara moja, faradhi imetimia. Kikipata mara tatu, sunna imekamilika. Na mwenye kuzidisha hapo ameivuka sunna wala hakuongeza kitu. Na mtu anayeandamwa na shaka, shaka inayomjia baada ya kumaliza haihesabiwi.

"Umeelewa, Bi Zumreta?"

"Nimeelewa, Efendi."

"Vizuri. Ukiniuliza tena swali hili wiki ijayo, sitakujibu. Usidhani nimekukasirikia. Daktari ameniomba."

Daktari akatabasamu, akamgeukia Rasim. "Na wewe, Bwana Rasim. Unamsaidia mkeo?"

"Sana," akasema Rasim, akakaa wima.

"Basi punguza."

Rasim akashusha mabega.

"Akikuuliza kama ameosha, utasemaje?"

"Nitasema ameosha."

"Utasema hujui."

"Lakini najua, daktari. Nakuwa nimesimama pale."

"Usisimame pale."

Daktari alikuwa amempa Zumreta na vidonge vya kumeza kila asubuhi, akamweleza kwamba vitaipunguza sauti ya kengele ila haviahidi kuizima, na kwamba kazi iliyobaki ni ya kufanywa kwa mikono na moyo, hatua ndogo kwanza, kubwa baadaye. Njia nzima ya kurudi nyumbani Rasim alivibeba vile vidonge mfukoni mwake mwenyewe, akivigusagusa asije akavipoteza. Jioni ile alilichukua birika lenye tumbo la mbuzi akaenda nalo karakanani, na majirani wakasikia nyundo.

Siku ya pili alimwekea Zumreta mezani birika dogo, shingo nyembamba, limechongwa ua moja ubavuni.

"Nimelikata lile," akasema. "Hili linabeba maji ya udhu mmoja."

Zumreta aliliangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake amehamia mji wa mbali. Akalijaza, akaingia bafuni. Birika likaisha. Kisigino kikaanza kuuliza.

"Rasim," akaita, "nimeosha kisigino?"

Rasim alikuwa jikoni, amejiweka mbali kwa makusudi. Neno lile lilikuwa zito kwake kuliko nyundo.

"Sijui," akasema hatimaye. "Kahawa inapoa."

Taulo lilitoka bafuni likampiga kichwani. Lakini mwenye taulo naye alitoka, na aliswali adhuhuri kwa wakati wake, akilia kuanzia takbira hadi salamu, kisigino kikiuliza rakaa zote nne. Alipomaliza alikwenda kukaa mezani. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Wakainywa wote wawili, na baadaye Zumreta aliwaambia wanawake kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kahawa tamu kuliko zote tangu alipoolewa.

Baridi yote ilikwenda hivyo. Kwa daktari alijifunza kugusa soli ya kiatu chake kikavu kisha akagusa mtandio wake, akakaa nao kichwani, huku imamu ameshaeleza mapema kwamba vumbi kavu la njia halimharibii mtu twahara. Alijifunza kusikia kengele akaendelea kukata vitunguu. Kulikuwa na siku za kuteleza. Baada ya homa ya mafua alirudi kwenye beseni siku kadhaa mfululizo, akamwambia daktari kwamba yote yameharibika.

"Umeteleza kwenye ngazi," daktari akasema, akilimwagilia lile ua lake. "Hujaanguka hadi chini. Nyumba yenu iko mlimani, hayo unayajua kuliko mimi. Sasa niambie, jambo unaloliogopa kuliko yote ni lipi?"

"Kumwosha Bula."

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi mwombeni ruhusa."

Kadira alipoelezwa alifurahi kama mtoto aliyeambiwa ataruhusiwa kucheza. "Mazoezi? Juu yangu? Kwa mara ya kwanza katika mtaa huu mtu ataoshwa akiwa na nafasi ya kulalamika. Njooni kesho. Fadila, uje na mdomo umefungwa."

"Nitakuja nao, Bula," Fadila akasema. "Ila kuufunga, hilo namwachia Mungu."

Wakaanza na miguu peke yake. Kadira alijinyoosha, akafumba macho, akakunja mikono kama maiti. Fadila akamimina kutoka kwenye lile birika dogo. Kadira akafumbua jicho moja.

"Baridi."

"Maiti hasemi, Bula," Fadila akamwambia.

"Maiti huyu anasema. Nikifa kweli usinimwagie maji kama haya. Ongeza ya moto."

Zumreta aliosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, mara tatu, akapitisha kidole baina ya vidole vyembamba vya mwalimu wake. Akasimamisha mkono. Shaka ikaja mara moja, ikakaa baina ya kidole kidogo na mwenziwe. Fadila akang'ata ncha ya mtandio wake asiseme. Kadira akaivuta miguu yake chini ya blanketi, ikatoweka.

"Imebaki sehemu?" akauliza.

"Sijui, Bula."

"Vyema. Hata mimi sijui. Fadila, tupe pita."

Walikula kwa mikono ile ile. Zumreta alitafuna bila kuhisi ladha, shaka ikimpanda kifuani kama maji kwenye kisima cha masika. Kadira alisimulia habari ya mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akilala darasani huku macho yakiwa wazi. Fadila akadai mwanafunzi huyo ni mama yake mwenyewe. Kahawa ikaja, ikaisha, ikaja nyingine. Na mahali fulani baina ya kahawa ya kwanza na ya pili, Zumreta alitambua kwamba yale maji ya kisimani yameshuka. Shaka ilikuwapo, ila ilikuwa imeketi, imechoka kidogo, kama mgeni asiyetiliwa kahawa.

"Bula," akasema polepole, "inapungua."

"Kwani nani alidhani haitapungua?" Kadira akasema, na macho yake yalikuwa na maji.

Wakaendelea kila wiki: miguu, kisha mikono, kisha nywele, nyeupe na ndefu kuliko walivyodhani. Siku ya nywele, Kadira alimshika Zumreta kwenye kifundo cha mkono.

"Sikiliza. Siku ile utaniosha kama nilivyokufundisha, hutapunguza. Ukimaliza, shaka itakuja, kwa sababu mtakuwa na huzuni, nayo hupenda nyumba ya huzuni. Usiirudishe majini. Niwekee mimi. Nakwenda kwa Yule asiyefichwa kitu; nitaifikisha."

"Nitajitahidi, Bula."

"Kujitahidi kunatosha. Zaidi ya hapo hakuna aliyedaiwa."

Plamu ilichanua, na Kadira aliiona. Aliiona kwa siku chache, akaomba dirisha liachwe wazi ingawa upepo ulikuwa mkali, na maua yakaingia hadi juu ya blanketi. Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri Fadila alishuka njiani bila viatu vya kutokea, akafungua mlango wa Zumreta bila kubisha.

"Shoga," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la pili.

Zumreta alitawadha kwa birika dogo. Lilipoisha, akaliweka. Rasim alikuwa amesimama jikoni na koti lake mkononi.

"Utaweza?" akamwuliza.

"Sijui," akajibu Zumreta.

Rasim akamvisha koti. "Nitakuwekea kahawa," akasema.

Chumba cha kuoshea kilikuwa kando ya msikiti, na mlangoni pake palikuwa na mti wa waridi uliokuwa unaanza kutoa majani. Maji yalikuwa vuguvugu. Fadila aliyajaribu kwa kiwiko zaidi ya alivyohitaji, kwa sababu ya agizo la Kadira. Mirsada, binti wa marehemu Munevera, alikuwa amejitolea kushika sanda. Zumreta alipomwona alishtuka moyoni, lakini binti akamwamkia kwa upole, akasogea alipotakiwa.

Akaanza kwa jina la Mungu. Akamfunika Kadira kwa stara, akamtia udhu, akamwosha upande wa kulia, akamwosha wa kushoto, akamwinua kidogo na kumpangusa tumbo kwa uangalifu, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Maji ya mara ya kwanza, ya mara ya pili, na ya tatu yaliyotiwa karafuu maiti, harufu ikajaa chumbani. Akazigawa nywele, akazilaza juu ya kifua misuko miwili. Akamkausha. Kazi ikawa imekwisha.

Na moyo ukauliza: nyuma ya sikio la kushoto?

Uliuliza kwa sauti ambayo haijawahi kuwa kubwa hivyo. Ulimwambia kwamba huyu si mtu mwingine, huyu ni mwalimu wako, utamwachaje aende hivi, ni sikio moja tu, ni maji kidogo tu. Mkono wa Zumreta ukainuka wenyewe. Fadila, aliyekuwa na birika bado lina maji, aliuona mkono ule. Alikuwa amesimama pembeni mwa mkono huo siku ile ya theluji.

"Nimimine?" akanong'ona.

Zumreta alitazama uso wa Kadira. Haukuwa na haraka wala lawama; ulikuwa uso wa mwalimu anayengoja mwanafunzi ajibu, naye tayari anajua kwamba atajibu. Shaka ilikuwa imemjaa hadi kooni. Akaishika yote kama ilivyo, bila kuiosha, bila kuibishia, akaiweka pale alipoambiwa aiweke.

"Hapana," akasema. "Leta sanda."

"Yapo maji bado, shoga."

"Naona. Kayamwagie waridi hapo nje."

Fadila alikwenda. Walimsikia anayamwaga, na walimsikia analia, na aliporudi hakuficha. Wakamvika Kadira sanda, wakaifunga. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado haijasomwa, na wanaume walipofika kumchukua walimkuta tayari, nao hawakungoja hata kidogo. Fikret Efendi aliinua jicho kumtazama Zumreta mlangoni, akaweka mkono kifuani, akageuka na jeneza.

Wanawake walirudi nyumbani mwa marehemu kama ilivyo ada, wakakaa duara kwa tasbihi, halua ikikorogwa jikoni. Katika kiti cha kusomea, ambacho Kadira alikikalia tangu wengine wao hawajazaliwa, walimwomba Zumreta akae. Aliona aibu, kisha akakaa. Kwa dirisha lililoachwa wazi aliwaona wanaume wanapanda njia ya makaburini, wanapokezana bega, na Rasim yuko miongoni mwao. Mlangoni, nyuma ya viatu vya wanawake, alikuwa ameketi Daktari Jadranka, amejifunga kitambaa kichwani, na miwani yake yenye uzi usoni. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemshangaa. Fadila akampelekea kahawa, akamwambia kwa sauti ya chini asikohoe, maana huku ukikohoa huombewa dua na mtaa mzima.

Mirsada alikuja kukaa kando ya Zumreta. Akaushika mkono wake, ule uliokuwa gome la mti na sasa ulikuwa umepona isipokuwa alama chache.

"Mkono wako una joto, Bi Zumreta," akasema.

Lile sikio lilikuwa bado linauliza. Liliuliza wakati wa tasbihi, liliuliza halua ilipoletwa. Zumreta aliliacha lizungumze kama mtu anayemwacha jirani agonge ukuta akitundika picha, akaendelea kusoma. Kufikia wakati wa dua, aligundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa hasikii kitu ila sauti za wanawake.

Akainua mikono. Alimwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Kadira binti Ibrahim, ampokee yeye na amana aliyokwenda nayo, amlipe kwa kila herufi aliyoifundisha. Alimshukuru kwa mume aliyejifunza kusema hajui, kwa mmimina maji aliyejua kunyamaza, kwa tabibu aliyekiri mpaka wa elimu yake, kwa imamu aliyekataa kujibu. Kisha sauti yake ikatulia, akawaombea waliobaki.

Nasi tunaitikia dua ile pamoja naye. Ewe Mola wetu, wape waliobaki maji ya kuwatosha na moyo wa kuacha yanapotosha. Mwenye kuandamwa na shaka, mletee wa kumwambia ukweli kwa upole. Anayempenda, mfundishe msaada ulio msaada. Zijaze nyumba zao kahawa ya moto na swala za wakati, na siku yetu itakapofika, tuoshwe na mikono yenye amani. Amin.